Tathmini: Mpango wa Njia za Burudani wa Marekani, ruzuku isiyodharau ukarabati

Wafadhili wengi hupenda kitu kipya: hutoa fedha za ujenzi, hufika siku ya kukata utepe, kisha humwachia mwenye mradi kazi ya kuhangaika na matengenezo. Mpango wa serikali kuu ya Marekani unaojulikana kama Recreational Trails Program, ambao katika tathmini hii nitauita Mpango wa Njia, ni miongoni mwa ruzuku chache zinazokubali waziwazi kwamba njia ya matembezi iliyokwisha kujengwa inahitaji fedha kama ile ambayo bado iko kwenye ramani. Nimeshiriki kuandaa maombi, kusimamia kazi na kudai malipo kwa niaba ya chama cha kujitolea kinachotunza njia za msituni katika jimbo moja la kaskazini. Nimewasaidia pia Waswahili wenzangu waliomo katika kamati za vitongoji, makanisa na vikundi vya vijana huku Marekani, waliotaka kujua kama fedha hizi zinawafaa. Hukumu yangu ni kwamba ruzuku hii ni nzuri kuliko inavyosifiwa na ni ndogo kuliko mahitaji, na kwamba imeundwa kwa namna inayomfaa mwenye akiba benki kuliko mwenye nguvu kazi peke yake.

Tuanze na chanzo cha fedha, kwa kuwa ndicho kinachoeleza masharti mengi yanayokuja baadaye. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 kwa kila galoni ya petroli, na karibu kodi hiyo yote huingia katika Mfuko wa Barabara Kuu. Mtu anayejaza mafuta kwenye pikipiki ya theluji, pikipiki ya magurudumu manne au pikipiki ya milimani hulipa kodi hiyo hiyo, ijapokuwa chombo chake hakikanyagi lami ya barabara kuu hata siku moja. Mwaka 1991 Bunge la Marekani, kwa msukumo wa Seneta Steve Symms wa Idaho, lilikubali kwamba sehemu ya kodi hiyo irudi kwenye njia ambako mafuta hayo huchomwa. Msomaji wa Tanzania anayeufahamu Mfuko wa Barabara, au wa Kenya anayeijua tozo ya matengenezo ya barabara iliyowekwa kisheria mwaka 1993, hatapata shida kuielewa mantiki yake: anayetumia ndiye anayechangia, na mchango wake hutengwa kwa ajili ya kile anachokitumia. Ndiyo maana mpango wa vijia vya msituni unasimamiwa na mamlaka ya barabara kuu badala ya ile ya mbuga za taifa, jambo linalowashangaza waombaji wapya na kuwafanya wapige simu ofisi zisizohusika.

Historia ya kiasi chenyewe haifurahishi. Sheria ya 1991 iliruhusu dola milioni 30 kwa mwaka, lakini ruhusa ya kisheria si fedha mkononi. Mwaka 1993 zilitolewa dola milioni 7.5 tu, na miaka ya 1996 na 1997 zilitolewa milioni 15 kila mwaka. Sheria ya usafiri ya 1998 ndiyo iliyoupa mpango msingi imara, na ile ya 2005 ikaupandisha hatua kwa hatua kutoka milioni 60 hadi milioni 85 katika mwaka wa fedha wa 2009. Kisha ukasimama pale. Sheria ya 2012 iliufanya kuwa fungu linalokatwa kutoka katika mfuko mpana wa usafiri mbadala, yaani hasa wa miguu na baiskeli, ikaagiza kila jimbo lipate kiasi kilekile lilichopata mwaka 2009, na jumla ikawa dola milioni 84.16 kwa mwaka. Sheria ya 2015 haikuigusa hesabu hiyo. Sheria kubwa ya miundombinu ya 2021 iliukuza mfuko mama kutoka dola milioni 850 kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 1.3, lakini fungu la njia likaachwa palepale lilipokuwa. Yeyote aliyenunua mbao zilizotiwa dawa mwaka 2009 na kuzinunua tena baada ya 2021 hahitaji kuelezwa maana ya kubaki na kiasi kilekile kwa miaka yote hiyo.

Mgawanyo wa mwaka ule wa 2009 ulikuwa na haki ya namna yake. Nusu ya fedha iligawanywa sawa kwa majimbo yote, na nusu nyingine kulingana na makadirio ya mafuta yanayotumika nje ya barabara kuu katika kila jimbo. Matokeo yake ni kwamba hata jimbo dogo kabisa lina uhakika wa zaidi kidogo ya dola 800,000 kwa mwaka, wakati California, yenye watu na jangwa la kuendeshea pikipiki, hupata zaidi ya milioni 5. Kwa kuwa viwango vimegandishwa, jimbo ambalo wapanda pikipiki wake wameongezeka tangu wakati huo halipati nyongeza yoyote. Gavana naye anaruhusiwa kulitoa jimbo lake nje ya fungu hili kila mwaka, ili fedha zitumike kwa miradi mingine ya usafiri mbadala, na mwombaji makini huanza kwa kuuliza kama jimbo lake limo.

Ndani ya jimbo, sheria inataka asilimia 30 ziende kwa njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwa njia za wasiotumia vyombo vya moto, yaani watembeaji, waendesha baiskeli, wapanda farasi na watelezaji wa theluji, na asilimia 40 zilizobaki kwa miradi inayohudumia matumizi zaidi ya moja kwa pamoja. Majimbo machache yenye eneo dogo yamesamehewa hesabu hiyo. Nimewasikia watembeaji wenzangu wakilalamika kwamba kelele na moshi vinapewa fedha za umma, nami siungi mkono malalamiko hayo, maana mtembeaji hajachangia tone la mafuta katika mfuko huu na bado analipiwa madaraja yake. Tena vyombo vya moto vina faida isiyopaswa kubezwa katika maeneo yaliyopoteza kazi. Kusini mwa West Virginia, katika wilaya za machimbo ya makaa ya mawe, mtandao wa njia wa Hatfield-McCoy ulifunguliwa mwaka 2000 juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa inamilikiwa na kampuni binafsi, na Mpango wa Njia umekuwa miongoni mwa wafadhili wake. Leo wageni hununua kibali, hulala katika miji midogo ambayo haikuwa na sababu nyingine ya kupokea wageni, na hula huko.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niupende mpango huu. Chukua njia ya kawaida ya msituni. Adui yake mkubwa ni maji. Njia ikichongwa moja kwa moja kushuka mlima, mvua huigeuza kuwa mfereji. Watembeaji hukwepa tope kwa kupita pembeni, majani hufa, na njia iliyokuwa na upana wa mtu mmoja hupanuka mpaka gari linaweza kupita. Dawa yake inajulikana na ni ya kurudiwarudiwa: kuichonga upya ili iambae na ubavu wa mlima, kuinamisha uso wake kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kutiririka ndani yake, kutandika mawe mahali penye chemchemi, kutia kalvati pale kijito kinapokatiza, na kubadilisha mbao kabla hazijamwangusha mtu. Katika njia tunayoitunza kulikuwa na daraja la mbao juu ya kinamasi, lenye magogo ya chini yaliyooza kwa ndani huku kwa juu yakionekana mazima kabisa. Ukichomeka bisibisi pembeni ilizama hadi kwenye mpini bila kutumia nguvu. Hakuna mfadhili wa kawaida anayetamani jina lake libandikwe kwenye magogo yaliyojificha chini ya maji. Tuliomba fedha hizi kwa ajili ya magogo hayo na mawe ya kuyaegemeza, na hakuna aliyetuuliza kwa nini hatujengi kitu kipya.

Orodha ya matumizi yanayoruhusiwa ni pana kuliko waombaji wengi wanavyodhani. Kuna matengenezo na ukarabati wa njia zilizopo, ujenzi wa njia mpya, maegesho na vyoo mahali njia inapoanzia, mabango ya kuelekeza, ununuzi wa ardhi au wa haki ya kupita kwa mwenye ardhi aliyeridhia, ukaguzi wa hali ya njia na wa namna watu wenye ulemavu wanavyoweza kuitumia, pamoja na mafunzo ya usalama na mazingira, ambayo jimbo linaweza kuyatengea hadi asilimia 5 ya fedha zake. Linalosahaulika zaidi ni vifaa. Chama kinaweza kuomba fedha za kununua au kukodi kijiko kidogo cha kuchimbia, misumeno ya mnyororo, au mashine ya kusawazisha theluji kwa ajili ya watelezaji. Kwa chama chenye watu wenye ujuzi lakini kinachoazima zana kila mwaka, nadhani hilo ndilo ombi la busara kuliko yote, kwa sababu mashine moja ikitunzwa vizuri hufanya kazi ya miradi mingi ambayo kila mmoja ungehitaji maombi yake.

Yasiyoruhusiwa nayo yanaeleweka. Fedha hizi haziwezi kutumika kutwaa ardhi kwa lazima, na kwa maoni yangu sharti hilo moja limefanya zaidi ya matangazo yote kuwatuliza wakulima wanaohofia njia kupita kando ya mashamba yao. Haziwezi kutumika kuingiza vyombo vya moto katika njia ambayo kufikia tarehe 1 Mei 1991 vilikuwa vimekatazwa au havikuwa vikipita. Hazilipii njia za waenda kwa miguu kando ya barabara za mitaa, isipokuwa pale zinapounganisha kipande kinachokosekana. Hazilipii pia upangaji unaosimama peke yake, na hapo ndipo vikundi vichanga hukwama, kwa kuwa mtu asiye na mchoro hawezi kuomba fedha za ujenzi, na fedha za kupata mchoro hazimo humu.

Serikali kuu hulipa kwa kawaida hadi asilimia 80 ya gharama, na asilimia 20 hutoka kwa mwombaji. Sehemu hiyo ya mwombaji si lazima iwe fedha taslimu. Inaweza kuwa mbao zilizotolewa na mwenye kiwanda, ardhi iliyotolewa na familia, trekta la mtu likihesabiwa kwa bei ya kukodi, na zaidi ya yote saa za watu waliojitolea. Majimbo mengi huthamini saa hizo kwa kiwango kinachochapishwa kila mwaka na shirika la Independent Sector, ambacho kwa mwaka 2023 kilikuwa dola 33.49. Hesabu yake inatia moyo. Mradi wa dola 50,000 unahitaji mchango wa dola 10,000, ambazo kwa kiwango hicho ni takriban saa 299. Watu 25 wakifanya kazi saa sita kwa Jumamosi mbili wamezifikia. Kanisa la Wakongomani ninalolifahamu hukusanya watu wengi kuliko hao kwa siku ya usafi wa uwanja wake, bila mtu yeyote kufikiri kwamba jasho hilo lina bei inayotambulika na serikali.

Lakini jasho lisiloandikwa halihesabiwi. Karatasi yetu ya mahudhurio ina safu za jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi iliyofanyika na sahihi. Hukaa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kifuniko cha sanduku la zana, ikiwa na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu wino husambaa karatasi ikilowa na karatasi zetu hulowa karibu kila mara. Mtu aliyebeba mawe kutwa nzima hana hamu ya kujaza safu. Anataka chai yake na gari. Hivyo kiongozi wa kikosi husimama na karatasi mlangoni mwa gari, na hakuna anayepanda kabla ya kutia sahihi. Nimeona vyama vyenye watu hodari vikishindwa kuthibitisha mchango wao kwa kukosa nidhamu hiyo ndogo, na nimeona vyama vya wastani vikipata ruzuku baada ya ruzuku kwa sababu mweka hazina wao alikuwa mkali.

Udhaifu mkubwa wa mpango uko katika namna ya kulipa. Fedha hazitangulii. Mwombaji akishakubaliwa na kutia sahihi mkataba, hununua vifaa, humlipa fundi, hukusanya risiti na hundi zilizopita benki, kisha ndipo huwasilisha madai ya kurejeshewa. Kwa halmashauri ya wilaya yenye bajeti ya kila mwaka hilo ni jambo la kawaida. Kwa chama ambacho akaunti yake hutegemea ada za wanachama na mauzo ya keki, ni ukuta. Majimbo mengine hupunguza makali kwa kukubali madai ya awamu kadiri kazi inavyoendelea, na mwombaji asiyeuliza habari hiyo mapema hujitesa bure. Ofisi moja ya jimbo niliyowahi kushughulika nayo ilikaa na madai yetu zaidi ya msimu mzima wa kazi, ikirudisha maswali kwa vipande: leo risiti ya saruji, wiki kadhaa baadaye uthibitisho wa hundi, kisha picha za kabla ya kazi, ambazo zilikuwa zimeambatishwa tangu mwanzo. Muuza mbao alikuwa amekwisha kulipwa, akiba ya chama ilikuwa imekwisha, na wajumbe wa kamati walikuwa wamekikopesha chama fedha zao wenyewe. Fedha zilikuja zote, bila kupungua hata senti. Hata hivyo mpango unaomtaka maskini amkopeshe tajiri kwanza ili baadaye arudishiwe haustahili kuitwa rafiki wa vyama vidogo.

Makaratasi ya mazingira na historia yanastahili lawama ndogo kuliko yanavyolaumiwa. Kwa kuwa fedha ni za serikali kuu, kila mradi hupimwa kwa sheria ya kitaifa ya mazingira, na miradi mingi ya njia huangukia katika kundi lisilohitaji uchambuzi mrefu. Sheria ya 1966 ya kuhifadhi mambo ya kale hutaka pia kuthibitishwa kwamba uchimbaji hauharibu masalia ya kihistoria, na mashauriano hayo huhusisha makabila ya asili ya eneo husika. Kinachoumiza ni kalenda. Katika misitu ya mashariki na kaskazini kuna popo waliomo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, ambao hulea watoto wao katika miti wakati wa joto, na mara nyingi ukataji wa miti huelekezwa katika miezi ya baridi ili wasiguswe. Sioni kosa katika sharti hilo. Kosa liko kwa yule anayepanga ratiba yake kana kwamba kibali kikitoka mwezi wa tano kazi itaanza mwezi wa tano. Sharti la kutumia chuma na bidhaa zilizotengenezwa Marekani nalo linahitaji kuulizwa kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu cheti cha mtengenezaji hupatikana kwa urahisi siku ya kununua na kwa shida kubwa miezi sita baadaye.

Kila jimbo linaendesha mpango kwa namna yake. Yako yanayopokea maombi ya vyama vya kiraia moja kwa moja, na yako yanayotaka ombi lipitie kwa wilaya, manispaa au idara ya serikali. Viwango vya juu na vya chini vya ruzuku hutofautiana, na tarehe za mwisho pia. Kinachofanana kote ni kwamba kila jimbo lazima liwe na kamati ya ushauri wa njia, yenye wawakilishi wa vyombo vya moto na wa wasiovitumia, na ikutane angalau mara moja kwa mwaka wa fedha. Bila kamati hiyo jimbo halistahili kupokea fedha. Nashangaa jinsi waombaji wasivyoitumia kamati hii. Mjumbe wa waendesha pikipiki aliyewahi kuiona njia yako kwa macho yake ana thamani kuliko kurasa kumi za maelezo. Sheria inahimiza pia majimbo kutumia vikosi vya vijana vya uhifadhi, ambavyo vinaweza kupewa kazi bila kupitia zabuni ya ushindani, na kwa familia za wahamiaji zenye vijana wanaotafuta kazi ya kwanza hiyo ni habari inayostahili kufika nyumbani.

Ukiulinganisha na Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji, ulioanzishwa kwa sheria ya 1964 na unaotegemea mapato ya mafuta na gesi ya baharini, Mpango wa Njia unaonekana mdogo kama kibaba mbele ya gunia: mfuko ule umehakikishiwa dola milioni 900 kila mwaka tangu sheria ya 2020. Lakini ruzuku zake kwa majimbo hulipa hadi nusu tu ya gharama, na ardhi iliyoguswa na fedha zake hubaki ya burudani ya wazi daima. Kwa mji unaonunua ekari mia za msitu, masharti hayo ni ulinzi. Kwa chama kinachotaka kutia kalvati nne, ni kumwita seremala wa meli atengeneze kigoda. Fedha za usafiri mbadala nazo ni nyingi, ila zinapendelea njia pana za lami zinazowapeleka watu kazini na shuleni, na kijia chembamba cha udongo hakishindi huko.

Kwa upana wa matumizi yanayoruhusiwa naupa mpango huu nyota tano kati ya tano, na kwa kuheshimu kazi ya kujitolea nne. Kwa kiasi cha fedha na kwa kasi ya malipo naupa mbili, nayo ya pili nimeongeza kwa huruma. Anayefaa kuomba ni chama chenye historia ya kazi, mweka hazina anayependa karatasi, na ama akiba inayotosha kubeba gharama kwa miezi kadhaa au wilaya iliyo tayari kuwa mwombaji rasmi na kulipa kwanza. Kikundi kichanga kisianze na njia mpya. Kiombe ukarabati wa kipande kifupi katika ardhi ya umma, kikishirikiana na mwenye ardhi ambaye tayari ana ramani na vibali, kisha kirudi mwaka unaofuata kikiwa na mradi uliofungwa vizuri.

Sheria ya 2021 inafikia ukomo tarehe 30 Septemba 2026, na kiwango cha baada ya hapo hutegemea Bunge. Hata hivyo fedha zilizokwisha kugawiwa majimbo haziyeyuki siku hiyo, kwa kuwa jimbo huwa na mwaka wa mgawo pamoja na mitatu inayofuata kuziingiza katika mikataba. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza ofisi ya jimbo, kabla hata ya kuomba fomu, ni fedha za mwaka upi zinazogombewa katika awamu hii, na zimebaki kiasi gani katika kila fungu kati ya yale matatu. Fungu la vyombo vya moto na la wasiovitumia hayafiki kikomo kwa pamoja, na mradi uleule wa matumizi mengi unaweza kukosa nafasi katika moja na kuipata katika jingine.